Jani Lililochumwa Bado Li Hai: Namna ya Kuhifadhi Saladi na Mboga za Majani

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda, masoko ya Kampala huwa yamekwisha kujaa mboga za majani. Saladi, nakati, sukuma wiki, majani ya kunde, na mchicha ambao wenyeji huuita dodo, hupangwa mafungu mafungu juu ya magunia, majani yakiwa yamesimama na kumeta kwa umande. Miongoni mwa wanunuzi wa mapema huwamo wake wa askari waliotoka kambini na katika laini za polisi, kila mmoja na kikapu chake mkononi na hesabu yake kichwani.

Chukua mfano wa mke wa koplo mmoja, kijana bado, mama wa watoto watatu. Mumewe yuko Somalia, nchi ambayo askari wa Uganda wamekuwa wakipelekwa kwa zamu tangu mwaka 2007. Soko liko mbali, nauli ya kwenda na kurudi si haba, na mtoto mdogo hana wa kumwachia. Kwa hiyo hununua mboga za juma zima kwa siku moja. Chumba chake ni kimoja, na friji hana. Jumamosi jioni watoto hula saladi mbichi wakafurahi. Jumapili majani yamelegea. Jumatatu yamegeuka manjano, na yale ya katikati ya fungu yameanza kunuka. Jumanne yamo jalalani, na chakula cha nyumba ni posho na maharagwe matupu hadi Jumamosi nyingine.

Hasara ya namna hii huonekana ndogo kwa sababu hutupwa kidogo kidogo. Lakini mama huyo akinunua mafungu sita kila juma, na mawili yakaoza, basi kwa mwezi wa majuma manne ametupa mafungu manane. Maana yake ni kwamba amelipia mboga za zaidi ya juma zima ambazo hazikuingia kinywani mwa mtu. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya majani huoza, isipotunzwa.

Siku moja mke wa sajini, jirani yake na mtu mzima kwake, alimkuta akimwaga saladi iliyooza.

"Mwanangu, hizo ulizinyima maji au ulizizamisha?"

"Nilizinyunyizia maji mengi, mama, kisha nikazifunga ndani ya mfuko wa plastiki ili zisikauke."

"Basi hazikufa kwa kiu. Umezizamisha."

Maneno hayo machache yana elimu kubwa ndani yake, na yafaa yafafanuliwe.

KWA NINI JANI HUHARIBIKA

Watu wengi hudhani kwamba jani likishakatwa limekufa, na lililobaki ni kulila kabla halijaoza. Sivyo. Jani lililochumwa bado li hai. Linaendelea kupumua: huvuta oksijeni, hutumia sukari iliyomo ndani yake, na hutoa joto, mvuke wa maji na hewa ya kaboni dayoksaidi. Lilipokuwa shambani, mizizi ilililetea maji, na mwanga wa jua uliliwezesha kujitengenezea chakula kipya. Likishakatwa haliletewi tena kitu. Huishi kwa akiba yake tu, mfano wa kikosi kilichokatiwa njia ya kuletewa chakula.

Akiba hiyo huisha upesi au polepole kwa kutegemea joto. Kwa kila nyuzi 10 za Sentigredi zinazoongezeka, kasi ya kupumua kwa jani huongezeka mara mbili hivi, na pengine mara tatu. Ndiyo maana saladi inayoweza kukaa majuma mawili au hata matatu katika baridi iliyo karibu na nyuzi sifuri, huharibika kwa siku moja au mbili ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 28.

Jambo la pili ni maji. Katika kilo moja ya saladi mna gramu 950 hivi za maji. Maji hayo ndiyo yanayolisimamisha jani, kama vile hewa inavyoufanya mpira uwe mgumu. Jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kwa vitundu hivyo maji hutoka yakiwa mvuke. Kilo hiyo moja ikipoteza gramu 30 hadi 50 tu, saladi huonekana imelegea. Jua, upepo na hewa kavu huyaharakisha hayo.

Adui wa tatu ni maji hayo hayo yanapokaa nje ya jani. Matone yaliyonaswa kati ya majani yaliyobanana huwa makao ya vijidudu na kuvu. Mfuko wa plastiki ukifungwa kabisa, joto litokalo katika majani halina pa kutokea, mfuko hutoa jasho kwa ndani, na uozo huanza katikati, mahali jicho lisipofika. Kwa hiyo kanuni ni hii: jani lataka hewa yenye unyevu, lakini halitaki kulala majini.

Adui wa nne haonekani. Ni gesi iitwayo ethilini, ambayo hutolewa na matunda yanayoiva, kama vile ndizi, parachichi, maembe, pasheni na nyanya. Gesi hiyo ndiyo inayofanya parachichi gumu liive mapema likiwekwa pamoja na ndizi mbivu. Lakini jambo lililo jema kwa parachichi ni baya kwa jani. Ethilini huiondolea mboga rangi yake ya kijani, na huitia saladi madoa ya kahawia. Mama anayeweka mboga na ndizi mbivu katika kikapu kimoja huzizeesha mboga zake bila kujua.

Watoto wa shule wanaweza kulichunguza jambo hili wenyewe. Wachukue majani manne ya saladi yenye ukubwa mmoja. La kwanza waliweke juu ya meza bila kulifunika. La pili walifunge katika kitambaa chenye unyevu. La tatu walizamishe ndani ya bakuli la maji. La nne walifunge kama la pili, lakini waliweke ndani ya boksi pamoja na ndizi mbivu. Kisha kwa siku nne waandike kila jioni wanachokiona. Somo hilo halitawatoka kichwani.

KUTOKA SOKONI HADI NYUMBANI

Uhifadhi huanzia sokoni. Mboga iliyochumwa alfajiri huwa imejaa maji, na mboga iliyochumwa mchana wa jua kali huwa tayari imekwisha poteza sehemu ya akiba yake. Basi mnunuzi aende mapema, naye achague saladi iliyo nzima, yenye shina lisilooza, na ikiwezekana yenye mizizi yake. Aupeleke mkono hadi katikati ya fungu: pakiwa na joto au utelezi, aliache. Mboga zilizorushiwa maji mchana kutwa huonekana mbichi kwa nje, lakini zikungutwe kwanza ndipo zitiwe kikapuni.

Mboga za majani ziwe za mwisho kununuliwa na za juu kabisa kikapuni. Zisilaliwe na unga wala viazi, kwa maana jani lililopondwa huoza kuanzia pale lilipopondwa. Njiani zifunikwe na jani bichi la mgomba, ambalo huzuia jua na upepo bila kuziba hewa. Kuziacha ndani ya gari lililosimama juani, hata kwa saa moja, ni kuzipika.

HATUA ZA KUFUATA NYUMBANI

1. Legeza kamba ya fungu mara tu ufikapo. Fungu lililobanwa hupata joto katikati.

2. Chambua. Ondoa kila jani lililooza, lililovunjika au lililogeuka manjano. Samaki mmoja akioza, wote wameoza, na mambo ya majani ni hayo hayo.

3. Usioshe mboga ambayo hutaila siku hiyo. Kung'uta udongo tu. Ikiwa ina matope mengi na ni lazima ioshwe, ioshe kwa maji safi, kisha itandaze kivulini juu ya kitambaa hadi matone yote yakauke.

4. Mboga zenye mashina marefu, kama vile mchicha, nakati, sukuma wiki na giligilani, kata ncha za mashina kidogo, kisha uzisimamishe ndani ya kopo lenye maji ya kimo cha vidole viwili, kama watu wanavyosimamisha maua. Majani yawe nje ya maji. Badilisha maji kila siku.

5. Saladi iache ikiwa nzima. Usiibandue majani hadi saa ya kula. Chukua kitambaa safi cha pamba, kiloweshe, ukikamue hadi kisidondoke tena, kisha uifunge saladi humo bila kuibana. Iweke ndani ya kikapu mahali pa chini penye giza na ubaridi, kama vile juu ya sakafu ya saruji mbali na jiko. Chumba chenye paa la bati huwa na joto kali zaidi upande wa juu, kwa hiyo rafu ya juu si mahali pa mboga.

6. Loweka na kukamua kitambaa hicho asubuhi na jioni, na kila siku ya pili kifuliwe. Kitambaa kichafu huambukiza uozo.

7. Weka matunda yanayoiva na nyanya upande mwingine wa chumba.

Saladi ikinyauka kidogo, isitupwe. Itiwe ndani ya maji safi na baridi kwa dakika 15 hadi 30. Jani litayanywa maji na kusimama tena, kisha liliwe siku hiyo hiyo. Lakini jani la manjano halirudi kuwa la kijani, na lenye utelezi au harufu lisiliwe kamwe.

CHUNGU NDANI YA CHUNGU

Kila mtu aliyekunywa maji ya mtungi wa udongo anajua kwamba huwa baridi kuliko ya ndoo. Sababu yake ni kwamba maji hupenya polepole katika udongo, hufika nje na kugeuka mvuke, na yanapogeuka mvuke huchukua joto la mtungi. Mwalimu mmoja wa kaskazini mwa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliitumia kanuni hiyo kuanzia mwaka 1995 kuwasaidia wakulima wa jimbo la Jigawa, ambao hawakuwa na umeme. Aliweka chungu ndani ya chungu kikubwa zaidi, akajaza mchanga katikati, akaulowesha. Katika majaribio yake biringanya zilikaa siku 27 badala ya 3, na mboga za majani ambazo kwa kawaida ziliharibika baada ya siku moja zilikaa hadi siku 12. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo.

Chombo hicho chaweza kutengenezwa na familia yoyote. Vyatakiwa vyungu viwili vya udongo, kimoja kikubwa cha kutosha kukizunguka cha pili kwa nafasi ya vidole vitatu. Chungu cha nje kisipakwe rangi, kwa maana rangi huziba njia ya maji. Tia mchanga chini ya chungu kikubwa, weka kidogo juu yake, halafu jaza mchanga pande zote. Mwagia maji hadi mchanga uloe, funika kwa kitambaa chenye unyevu, na ukiweke chombo kivulini mahali penye upepo. Mchanga uloweshwe asubuhi na jioni.

Lakini ni lazima ukweli usemwe. Chombo hiki hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye hewa kavu. Askari aliye Moroto au Kotido wakati wa kiangazi atapata ubaridi mkubwa. Aliye Kampala au Entebbe wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, atapata ubaridi mdogo tu, kwa sababu maji hayageuki mvuke upesi. Hata hivyo mboga yake haitakauka, na saladi iliyochaguliwa vizuri yaweza kufika siku ya tatu au ya nne. Naye aliye Kabale, mji ulio juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, baridi ya usiku tayari ni friji yake. Kitambaa chenye unyevu peke yake chamtosha.

JIKO LA KAMPANI

Mambo haya si ya akina mama peke yao. Mpishi wa kampani anayepokea magunia ya kabichi na sukuma wiki hupambana na adui wale wale, tena kwa kipimo kikubwa.

Mboga si pambo la sahani ya askari. Mwezi Desemba 1915 jeshi la Waingereza na Wahindi lilizingirwa na Waturuki katika mji wa Kut, nchini Iraki ya leo. Kuzingirwa kulidumu hadi tarehe 29 Aprili 1916, jeshi liliposalimu amri. Katika miezi hiyo askari wengi wa Kihindi waliugua kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba na kutoka damu ufizi na kuishiwa nguvu, kwa kukosa matunda na mboga mbichi. Kiseyeye huletwa na ukosefu wa vitamini C, na vitamini hiyo ndiyo inayopotea upesi jani linaponyauka katika joto. Kwa hiyo mboga iliyokaa siku tatu juani nyuma ya lori hujaza sufuria, lakini sehemu kubwa ya vitamini hiyo imekwisha toweka.

Kwa majiko makubwa kuna chombo kilichobuniwa India mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo huko New Delhi. Ni boksi la matofali lisilotumia umeme. Hujengwa kuta mbili za tofali, moja ndani ya nyingine, zenye kimo cha karibu sentimita 67, na kati yake huachwa nafasi ya sentimita 7.5 inayojazwa mchanga. Mchanga huloweshwa kila siku, juu huwekwa mfuniko wa mianzi au manyasi, na boksi zima hujengewa kivuli. Laweza kuhifadhi karibu kilo 100 za mboga na matunda. Askari wanaojua kujenga handaki hawatashindwa na kazi hiyo, na matofali ya kuchoma yapatikana karibu kila wilaya.

WENYE FRIJI

Aliye na friji asidhani kwamba amemaliza kazi. Hewa ya friji ni kavu, na saladi iliyowekwa wazi hunyauka humo pia. Ifungwe katika kitambaa chenye unyevu kidogo, au iwekwe katika mfuko uliotobolewa matundu, kisha itiwe katika mtoto wa meza wa chini. Isigusane na barafu: jani likiganda, maji yaliyomo ndani yake hupasua chembe zake, na likiyeyuka huwa jeusi na teketeke. Ndizi na parachichi zilizoiva zisikae humo pamoja nayo. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe ovyo.

KUOSHA KABLA YA KULA

Saladi huliwa mbichi; moto hauisafishi. Homa ya matumbo, kipindupindu, kuhara na minyoo vyaweza kuingia nyumbani kwa njia ya jani moja lililomwagiliwa maji machafu. Kwa hiyo ioshwe jani moja moja kwa maji safi yanayomiminwa, na maji ya mwisho yawe yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi na siki husaidia kuondoa wadudu, lakini haviui vijidudu vyote. Sabuni ya kufulia isitumiwe. Ikatwe wakati wa kula tu, na iliyobaki mezani isihifadhiwe kwa kesho. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu, au pale ambapo mboga imelimwa katika bonde lipitalo maji machafu, saladi iachwe na mboga zipikwe.

GHALA LILILO BORA KULIKO YOTE

Baada ya vitambaa, vyungu na matofali, bado liko ghala moja linaloyashinda yote, nalo ni udongo. Jani lililo katika shina lake halinyauki wala halihitaji friji. Askari hana shamba kambini, lakini gunia moja lililojazwa udongo na samadi, lenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, laweza kusimama kando ya mlango wa nyumba yoyote ambapo amri za kambi zinaruhusu. Gunia hutobolewa matundu ubavuni, na miche hupandwa humo na juu. Mchicha huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne, sukuma wiki na saladi baada ya miezi miwili hivi. Majani ya nje huchumwa kwanza, asubuhi, kwa kiasi cha chakula cha siku hiyo tu, nayo ya ndani huachwa yakue.

Mke wa koplo hakuanza kwa gunia. Alianza kwa kitambaa kimoja cha pamba na kopo la maji, mke wa sajini akiwa amesimama mlangoni akimwelekeza. Juma la kwanza kitambaa kilikuwa na maji kupita kiasi, na saladi ikaoza upande mmoja. Juma la pili alikikamua vizuri. Jumanne jioni saladi ilikuwa bado imesimama, nao mchicha ulio koponi ulifika Jumatano. Ndipo alipolitafuta gunia.

Sasa haendi sokoni kununua mafungu sita. Hununua manne, na yote manne huliwa. Nauli haikupungua, wala mshahara haukuongezeka, lakini kila mwisho wa mwezi inabaki fedha ya mafungu manane ambayo zamani ilikuwa ikienda jalalani. Kwa mama anayengoja zamu ya mumewe iishe, fedha hiyo ni daftari na kalamu za watoto. Hiyo ndiyo akiba isiyooza.